Bunduki Zinazowalinda Vifaru wa Laikipia

Katika nyanda za juu za Kenya, magharibi ya Mlima Kenya na karibu na mji wa Nanyuki, liko shamba moja kubwa liitwalo Ol Pejeta. Eneo lake ni ekari 90,000, yaani kilomita za mraba zipatazo 360, nalo limekaa kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya shamba hilo umo uwanja uliozungushiwa uzio wa peke yake, na humo wanaishi vifaru majike wawili, mama na binti yake. Mama anaitwa Najin, naye alizaliwa mwaka 1989. Binti anaitwa Fatu, naye alizaliwa mwaka 2000. Hao ndio vifaru weupe wa kaskazini waliobaki ulimwenguni kote. Dume hayupo. Watu wenye silaha wanawalinda usiku na mchana.

Tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu walio katika jeshi na polisi habari za wanyama hao, wala si kwa ajili ya kuwaburudisha tu baada ya zamu. Kifaru mweupe wa kaskazini alikuwa mnyama wa nchi yetu hii. Kwao kulikuwa West Nile, ng'ambo ya magharibi ya mto, na vilevile Kongo, Sudan ya kusini, Afrika ya Kati na Chad. Mwaka 1960 walikadiriwa kuwa zaidi ya 2,000. Nasi tunajua, na wazee wetu waliotumikia katika miaka ile wanajua zaidi, ni nani aliyekuwa na bunduki porini wakati wanyama hao walipokuwa wakimalizwa.

Kiswahili kimelipa gari la chuma la vita jina la mnyama huyu, na aliyelichagua jina hilo alikuwa na macho: ngozi nene, shingo nzito, na mwendo wa kuvunja kila kilicho mbele. Lakini kifaru wa chuma hutoka kiwandani, na fedha zikiwapo huagizwa mwingine. Kifaru wa nyama na damu hukaa tumboni mwa mama yake miezi 16, naye mama akishazaa hupita miaka miwili au mitatu kabla hajazaa tena, na kila mara huzaa ndama mmoja. Kamanda yeyote akipewa hesabu hiyo ya kujaza mapengo ya kikosi chake ataona mara moja kwamba hawezi kuvumilia hasara hata ndogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakuu wa wanyamapori wa Uganda walikwishaiona hatari. Waliwakamata baadhi ya vifaru weupe wa West Nile, wakawavusha mto na kuwapeleka katika hifadhi ya Murchison Falls, mahali ambapo aina hiyo haikuwapo, kwa matumaini kwamba huko watakuwa salama. Utawala wa Idi Amin, ulioanza mwaka 1971, uliyavunja matumaini hayo. Bunduki za kivita ziliingia mbugani, na askari waliokabidhiwa silaha kwa kazi ya kulinda mipaka walizitumia kutafuta pembe. Katika vurugu za vita vya mwaka 1979 na miaka iliyofuata uwindaji huo haukukoma, nao ulifanywa na watu waliovaa sare za zaidi ya jeshi moja. Tembo wa Uganda, waliokadiriwa kufika 30,000 katika miaka ya 1960, walibaki kama 2,000 katika miaka ya 1980. Katika hifadhi ya Queen Elizabeth peke yake mwaka 1980 walikuwa wamesalia wapatao 150. Kifaru mweupe alikwisha. Kifaru mweusi, ambaye makao yake yalikuwa mashariki ya mto mpaka Kidepo, alikwisha pia. Mwaka 1983 ndio unaotajwa kuwa mwisho wa kifaru wa porini nchini mwetu.

Hatuyaandiki haya ili kuwalaumu walio kazini leo, ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Tunayaandika kwa sababu habari ya Laikipia haieleweki mtu asipojua kwanza bunduki ilifanya nini, ndipo aweze kupima inafanya nini sasa.

Pembe ya kifaru, ambayo wafanyabiashara wa pwani waliiita kipusa (vijana wa siku hizi humwita hivyo msichana mzuri, na sijui kama wote wanajua lilikotoka neno lenyewe), haina mfupa ndani yake. Imeumbwa kwa kitu kile kile kinachoumba kucha na nywele. Walakini katika miaka ya 1970, mafuta ya Uarabuni yalipopanda bei na wafanyakazi kutoka Yemen wakarudi kwao na fedha nyingi, kila kijana alitaka jambia lenye mpini wa kipusa, mpini ambao zamani ulikuwa wa wenye cheo tu. Nchi za Mashariki ya Mbali nazo zilikuwa zikiitumia pembe hiyo katika dawa tangu kale. Bei ikapanda, na ilipopanda ilifika hadi kwa mtu maskini anayeijua njia ya porini, na kwa askari ambaye mshahara wake haukuwa ukifika kwa wakati.

Kenya haikusalimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa hawafiki 400. Serikali yake ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikakataza biashara ya pembe na ngozi, lakini sheria zilikuwa karatasi na majangili walikuwa na bunduki za rashasha. Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alizitia moto tani 12 za pembe za ndovu mbele ya dunia, na likaundwa shirika jipya la wanyamapori, KWS, lenye askari wenye silaha za kutosha. Katika muda ule wa kati, ambapo mbuga za umma zilikuwa zikimwagika damu, vifaru wachache waliokotwa mmoja mmoja kutoka huku na huku wakapelekwa mahali ambapo mtu wa kawaida asingepafikiria: katika mashamba makubwa ya ng'ombe ya nyanda za juu, yaliyoachwa na walowezi.

Hapa inatubidi tusimame kidogo, maana mashamba hayo yana historia ambayo mwananchi wa Afrika hawezi kuipita akitazama pembeni. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifanya mkataba na Wamaasai, ukiwaondoa katika Bonde la Ufa, ambako reli ilikuwa imepita, na kuwaahidi Laikipia iwe yao. Miaka saba baadaye, mwaka 1911, mkataba mwingine ukawataka wahame kutoka Laikipia yenyewe waende kusini, kwa kuwa walowezi walikuwa wameipenda. Wamaasai walikwenda mahakamani, nao wakashindwa mwaka 1913. Ng'ombe wao wakaswagwa, na ardhi ikagawiwa kwa vipande vya maelfu na maelfu ya ekari. Ol Pejeta lilikuwa mojawapo la mashamba hayo. Lilipita mikononi mwa Lord Delamere, mlowezi mashuhuri kuliko wote, likawa la wafugaji wa Kiingereza, likafika kwa familia ya Adnan Khashoggi, Msaudi aliyejitajirisha kwa udalali wa silaha, kisha likawa mali ya kampuni kubwa ya Lonrho. Kwamba shamba lililopata kuwa la mwuza bunduki leo ndilo lenye sifa ya kuwakomesha wenye bunduki ni jambo ambalo hata mtunzi wa hadithi angesita kulibuni.

Wa kwanza kugeuza shamba kuwa ngome ya vifaru hakuwa Ol Pejeta. Alikuwa jirani yake wa kusini, Solio, lililo kati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mwaka 1970 mwenye shamba hilo alizungushia uzio sehemu ya ardhi yake akakubali kupokea vifaru weusi waliokuwa hatarini kwingineko. Vifaru hao wakazaana kwa wingi, hata ikabidi wagawiwe: wengine walipelekwa Nakuru, wengine Lewa, wengine Ol Pejeta, na kama tutakavyoona, weupe wa kusini kutoka huko huko waliletwa kwetu. Lewa nalo, upande wa kaskazini wa mlima, lilianza mwaka 1983 kwa kutenga ekari 5,000 za shamba la ng'ombe. Ol Pejeta lilifuata mwaka 1988, Lonrho ilipotenga ekari 24,000. Mwaka 2004 shamba zima lilinunuliwa kwa fedha za wafadhili wa hifadhi, na sasa linaendeshwa kama shirika lisilogawana faida. Vifaru weusi walio ndani yake leo wamepita 150, nalo ndilo kimbilio kubwa kuliko yote la aina hiyo katika Afrika Mashariki.

Yafanyikaje? Askari atapenda kujua jambo hilo, na ndilo lenye mengi.

Kwanza, hakuna kifaru asiye na jina wala alama. Ndama akikua kiasi, masikio yake hukatwa vipande vidogo kwa mpangilio maalumu, kila mmoja na wake, ili mlinzi aliye mbali na darubini aweze kumtambua asimchanganye na mwingine. Doria hutoka kila siku kwa miguu, na kila kifaru hutakiwa kuonwa kwa macho katika muda wa siku chache. Asipoonekana, hiyo ni taarifa ya dharura, na watu hutumwa kumtafuta yeye tu. Tunakiri kwamba jambo hili lilitugusa kuliko mitambo yote. Katika vikosi vingi tunavyovijua, mtu anaweza kukosekana katika gwaride la asubuhi na jina lake likaitikiwa na mwenzake. Kule Laikipia mnyama hawezi kuitikiwa.

Uzio wa umeme unalizunguka shamba, lakini si kwa kufunga kila kitu ndani. Upande wa kaskazini zimeachwa njia za kupitia wanyama, zenye vigingi vifupi vilivyosimikwa kwa kukaribiana. Tembo huvipita kwa kuinua miguu, twiga hali kadhalika, pundamilia na simba hupenya katikati; kifaru, mwenye miguu mifupi na mwili mpana, hawezi. Hivyo tembo anaendelea na safari zake za kale kuelekea Samburu, na kifaru anabaki mahali penye ulinzi. Ujuzi huo haukuhitaji mtambo wowote, ila mtu aliyekaa akamtazama mnyama anavyotembea.

Kuna mbwa wa kunusa, ambao hufuata nyayo za jangili saa nyingi baada ya yeye kupita, na ambao hutumika pia wananchi wa jirani wakiibiwa mifugo. Ng'ombe wenyewe hawakuondolewa. Maelfu yao wa aina ya Boran hulisha pamoja na wanyama wa porini, hulazwa katika mazizi ya kuhamahama, na kila zizi linapohamishwa huacha mbolea inayootesha majani mazuri, ambayo swala na pundamilia huyafuata. Mtu aliyeambiwa tangu utoto kwamba ng'ombe na mnyama wa porini ni maadui afike huko ajionee.

Na juu ya hayo yote iko bunduki. Walinzi wa Ol Pejeta walio na silaha si jeshi la tajiri. Ni polisi wa akiba: raia wa Kenya wanaofundishwa na kuapishwa chini ya mkuu wa polisi wa nchi hiyo, wanaobeba silaha kwa idhini ya dola na kuwajibika kwake, ijapokuwa mshahara wao hulipwa na shamba. Jambo hilo ndilo linalofaa kuchunguzwa kwa makini na wasomaji wetu, kwani lina faida kubwa na lina mtego pia.

Faida yake ni dhahiri. Dola peke yake haikuwa na watu wa kutosha wa kukaa na kila kifaru. Shamba lina watu, lina magari, lina redio, na linalipa kwa wakati. Mlinzi anayelipwa kwa wakati na ambaye mtoto wake anasoma katika shule inayosaidiwa na shamba hilo ni vigumu kununuliwa na mleta fedha wa usiku. Sheria nayo ilitiwa meno: sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka, kwa kosa la kumwua mnyama aliye hatarini kutoweka, faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Mwaka huo huo wa 2013 vifaru 59 waliuawa na majangili nchini humo. Mwaka 2020 hakuuawa hata mmoja, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1999. Leo vifaru weusi wa Kenya wamepita 1,000.

Mtego ni kwamba bunduki ya akiba ni bunduki, na mwenye kuishika ana kabila lake, ana ukoo wake na ng'ombe wake. Polisi wa akiba walitapakaa katika wilaya zote za wafugaji wa kaskazini, wengi wao bila mshahara wowote na bila kukaguliwa, na ikasemwa kwamba baadhi ya silaha hizo zilionekana katika wizi wa mifugo. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilizichukua bunduki za askari hao katika wilaya kadhaa, Laikipia ikiwamo, ili wahakikiwe upya. Wevi wa ng'ombe hawakuhakikiwa. Wao walibaki na zao, na vijiji vilivyokuwa na walinzi wawili watatu vikabaki bila mlinzi. Baadaye Serikali iliwarudisha polisi wa akiba katika wilaya zilizokuwa zikishambuliwa. Februari 2023, baada ya polisi kuuawa katika shambulio la kuvizia huko Turkana, jeshi la Kenya lilitumwa kusaidiana na polisi katika wilaya sita za kaskazini, Laikipia ikiwa mojawapo.

Wenzetu waliotumikia Karamoja hawahitaji kufundishwa habari hiyo. Operesheni ya Usalama kwa Wote iliyoanza Julai 2021 ilikumbana na swali lile lile: ukimnyang'anya mmoja silaha na jirani yake aliye ng'ambo ya mpaka akabaki nayo, umeleta amani au umemfungulia zizi mwizi? Bunduki ya mwizi wa ng'ombe na bunduki ya jangili mara nyingi ni moja. Hupita mipaka kwa njia zile zile, na bei ya mifugo ikianguka hugeuzwa uso kuelekea pembe.

Tusidhani basi kwamba nyanda za Laikipia ni bustani ya amani. Mwaka 2017, wakati wa ukame mkali na wakati uchaguzi ulipokuwa ukikaribia, wafugaji wenye silaha waliingia kwa nguvu katika mashamba kadhaa na maelfu ya ng'ombe. Machi mwenye shamba mmoja aliuawa kwa risasi, na Aprili mwandishi na mhifadhi mashuhuri, Kuki Gallmann, alipigwa risasi tumboni akanusurika. Wanasiasa walitajwa. Ukame nao ulikuwa wa kweli: ng'ombe waliokuwa wakifa upande mmoja wa uzio waliyaona majani upande wa pili. Na nyuma ya ukame iko kumbukumbu ya 1911, ambayo hakuna polisi awezaye kuikamata. Maoni yetu ni kwamba mashamba yaliyosalimika zaidi katika machafuko hayo hayakuwa lazima yenye bunduki nyingi. Uzio uliojengwa juu ya dhuluma ya zamani unahitaji mlango, na kwa kadiri tunavyoona waliofungua mlango, wakakubali ng'ombe wa jirani waingie kwa mpango na kwa hesabu, wakajenga zahanati na kuchimba visima, wamelala usingizi zaidi kuliko waliotegemea seng'enge peke yake.

Wala si mfugaji peke yake awezaye kuiharibu ardhi hiyo. Machi 2021 wanajeshi wa Uingereza, ambao wana kambi Nanyuki na hufanya mazoezi katika mashamba ya Laikipia, walikuwa Lolldaiga, shamba jingine kubwa la hifadhi lenye vilima na misitu, moto ulipozuka katika mazoezi yao ukateketeza maelfu ya ekari. Wananchi walioathiriwa na moshi walikwenda mahakamani kwa maelfu, na mwaka 2025 Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa. Tunalitaja kwa sababu wasomaji wetu nao hufanya mazoezi katika nyasi kavu, na moto hauulizi cheo wala uraia.

Iko pia hoja ya uasili, ambayo wasomi wa hifadhi hubishana juu yake na ambayo si ya bure. Kifaru mweusi ni mwenyeji wa Laikipia, kama walivyo pundamilia wa Grevy, mwenye milia myembamba na masikio makubwa, na kongoni wa nyanda hizo, ambaye idadi yake imeshuka mno kwa kuliwa na simba hata ikabidi baadhi yao watengewe mahali pasipo simba. Lakini sokwe wa Ol Pejeta si wenyeji: walianza kuletwa mwaka 1993 kutoka Bujumbura, walipokuwa mayatima na Burundi ikiingia vitani, na Kenya haikupata kuwa na sokwe wake wa porini. Ni wakimbizi, nao wamepokewa kama wakimbizi. Kifaru mweupe wa kusini pia ni mgeni, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini. Na Najin na Fatu wenyewe walizaliwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, nchini Czech, baridini. Walipandishwa ndege Desemba 2009 pamoja na madume wawili, Suni na Sudan, kwa matumaini kwamba jua na majani ya Afrika yangewaamsha wazae. Hawakuzaa. Suni alikufa mwaka 2014. Sudan, ambaye alikuwa amekamatwa akiwa mtoto huko Shambe, Sudan ya kusini, mwaka 1975, alikufa Machi 19, 2018, akiwa mzee wa miaka 45 asiyeweza kusimama. Huko alikotoka, wenzake walikuwa wamekwisha katika vita. Waliobaki Garamba, Kongo, ambao mwaka 1984 walikuwa 15, walifikia 30 hivi kwa jasho la askari wa hifadhi ile, kisha vita vikawarudia, na baada ya mwaka 2007 hakuna aliyethibitika kuonwa.

Kwa hiyo kazi imehamia kwa mabingwa wa uzazi. Tangu Agosti 2019 mabingwa walioongozwa kutoka Berlin wamekuwa wakiyachukua mayai ya Fatu na Najin na kuyapeleka Italia, ambako huunganishwa na mbegu za madume waliokufa, zilizohifadhiwa katika baridi kali. Najin alistaafishwa mwaka 2021 kwa uzee wake. Yamebaki ya Fatu. Viinitete vilivyopatikana vimepita 30. Kwa kuwa Fatu mwenyewe hawezi kubeba mimba, majike wa aina ya kusini ndio watakaopandikizwa. Jaribio la kwanza kufaulu, lililotumia kiinitete cha aina ya kusini, lilifanyika Ol Pejeta Septemba 2023, na mimba ikashika; lakini Novemba mvua kubwa ziliamsha vijidudu vya udongoni, na jike huyo, Curra, akafa pamoja na mimba ya siku 70. Majaribio ya viinitete vya kaskazini yalifuata. Hadi mwisho wa mwaka 2025 ndama alikuwa hajazaliwa. Wako wanaouliza kama fedha hizo zisingefaa zaidi kwa wanyama ambao bado wako hai porini, na swali lao si la wivu. Sisi tunaona kwamba waliolimaliza kabila hilo la wanyama walikuwa watu, na kwa hiyo si aibu watu wakitaabika kulirudisha. Ila ndama wa maabara akizaliwa, atahitaji mlinzi wake kama mama yake.

Uganda haikungoja maabara. Mwaka 2005 vifaru weupe wa kusini wanne waliletwa kutoka Solio hadi Ziwa, katika Nakasongola, shamba la ng'ombe la zamani la kilomita za mraba zipatazo 70 lililozungushiwa uzio. Mwaka uliofuata wakaongezwa wawili kutoka Florida, Marekani. Ndama wa kwanza alizaliwa mwaka 2009, mama yake akiwa wa Florida na baba yake wa Kenya, na kwa sababu hiyo akaitwa Obama. Si aina ile iliyokuwa West Nile, bali ni binamu yake, kama mgeni aliyepewa jina la marehemu ili nyumba isikae kimya. Wameongezeka wakapita 40, na kila kundi hufuatwa na mlinzi wake kwa miguu, mchana na usiku, mvua na jua.

Lakini 70 ni kilomita chache, na vifaru wanaozaana hujaza shamba. Makao yao ya haki ni hifadhi zilizo wazi, nazo haziwezi kuzungushiwa uzio wote. Murchison Falls ina kilomita za mraba zaidi ya 3,800, mara kumi ya Ol Pejeta. Kidepo, alikoishi kifaru mweusi wa mwisho wa nchi hii, ina 1,442, inapakana na Sudan Kusini na haiko mbali na Turkana. Askari wa wanyamapori wanaopiga doria huko hukutana njiani na wanajeshi na polisi kutoka vituo vya mpakani, na mara nyingine hukutana na watu wenye bunduki ambao hawatoki katika kituo chochote.